Gari Lisilojua Msiba

Siku hizi kila gari hupunguza mwendo lenyewe likipita penye msiba, na injini yake hunyamaza. Mimi nilichotaka ni nguvu tu za kupanda mlima.

"Nikiandika upya programu ya kompyuta hii ya injini, nguvu zitaongezeka kidogo na heshima itabaki," fundi Kisoka aliniambia. "Nikikufungia nyingine inayojitegemea, utapata nguvu zote, ila gari halitajua msiba. Utaangalia mwenyewe."

"Kwani sina macho?" nilimjibu. "Funga hiyo."

Alasiri nilirudi nyumbani kwa kishindo, nikiufurahia mngurumo. Nilipofika getini kwangu ndipo nilipoona kwenye kioo cha pembeni turubai limefungwa kwa jirani, na watu wote chini yake wamegeuka kunitazama. Miaka yote sikuwahi kutafuta turubai barabarani; gari ndilo lililokuwa likinitafutia.

Nilienda kwa miguu. Mama Eliakunda, mfiwa, alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka na wanawake, mke wangu Tumsifu akiwa miongoni mwao.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Mzee ametutoka." Alinishika kwa mikono yote miwili. "Kuna gari limepita likinguruma tukiwa katikati ya sala. Nimewaambia hawa, huyo ni mgeni. Mtu wa hapa hawezi."

"Atakuwa mgeni," nilisema.

Wanawake wengine wote waliinamisha macho. Tumsifu peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama.