Shughuli kwa Kiai Sattar

Matrawi aliingia mahakamani amechelewa, ananukia marashi, sarungi mpya kiunoni, kikapu cha mianzi chenye chakula mkononi, na anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililomtia mkewe wasiwasi. Kwa miezi mitatu mwanamume huyo alikuwa hasemezeki.

"Ulikuwa wapi?" Sutiyah alimuuliza.

"Kwa Kiai Sattar. Tangu swala ya alfajiri. Palikuwa na shughuli kidogo, nikafungiwa chakula. Najua hamjala, mama Holifah."

Sutiyah hakukigusa. Mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa Holifah, binti yao, na haukuwa umeuachia tangu jana jioni. Walilala hivyo, wakapanda basi hivyo. Haji Durahem, tajiri wa tumbaku, alikuwa amemposa mtoto, Kiai, shehe wa kijiji, akaiunga mkono posa, na huku kisiwani Madura binti anaweza kulala kwao akaamkia kwa mume. Asipobanduka ubavuni mwangu, Sutiyah alijiambia, nani atamwoa?

Holifah alikuwa na miaka kumi na tano. Sheria mpya inataka kumi na tisa. Chini ya hapo mzazi aende mahakama ya dini akaombe ruhusa. Matrawi alikuwa ameiomba, na leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani. "Na huyo mposaji yuko wapi?"

"Ana wageni nyumbani, mheshimiwa," Matrawi alijibu. "Anaomba radhi."

Jaji akakunja uso. Kisha akavua joho, maana mbele ya mtoto ndivyo inavyotakiwa, akabaki na ushungi wake kama shangazi mtu.

"Unataka kuolewa, mwanangu?"

Holifah alimtazama baba yake, halafu sakafu. "Nafuata wanachotaka wazazi."

"Wazazi ni wawili. Mama, unasemaje?"

Hapo Sutiyah alifanya jambo ambalo kijijini kwao hajapata kulifanya mwanamke: alimpinga mumewe mbele ya watu.

"Sitaki, mheshimiwa. Mimi niliozwa na miaka kumi na minne. Nilizika wawili kabla ya kumpata huyu. Sitaki, sitaki!"

Akangoja mumewe alipuke. Matrawi alijikuna kidevu tu.

"Ya serikali tuiachie serikali," alisema kwa upole. "Hata mkikataa, mimi sina neno."

Jaji alivaa tena joho lake, akasoma uamuzi. Ombi limekataliwa. Mtoto arudi shule.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Sutiyah alilia waziwazi, wala hakujali wapita njia. Kumbe mnyonge naye ana siku yake! Kwa mara ya kwanza maishani alisema neno, na neno lake likamshinda mume, na Kiai aliye nyuma ya mume. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na yule mama wa miwani. Ndipo akauachia mkono wa binti yake.

"Mama, nina njaa," Holifah alisema, akicheka.

Wakakifungua kikapu. Wali wa manjano, kuku, mayai, nazi ya kukaanga. Holifah alikula kwa pupa huku akisema hatakaa tena nyuma darasani, atakaa mbele kabisa, na yule mwalimu wa hesabu atamkoma. Sutiyah naye akamega paja la kuku. Lo, utamu wake! Moyo ulipotulia, ulimi nao ukapata utani.

"Kiai leo kafungua mkono, wallahi. Kuku mnono hivi! Ilikuwa shughuli gani, na sisi majirani zake hatukualikwa?"

Matrawi alikuwa akitazama lango, ambako gari jeupe la Haji Durahem lilikuwa linaingia polepole.

"Nikaha," alisema. "Bwana harusi, mashahidi wawili, na mimi baba nikaozesha."

Akainama, akampangusa Holifah punje ya wali mdomoni.

"Nawa mikono, mwanangu. Mumeo amefika."