Vipimo vya Joram kutoka Ncha ya Kaskazini

Faili la Joram liliingia saa nne asubuhi, na Agneta akaacha chai yake hapo hapo.

Miezi minane sasa mumewe yuko karibu na Ncha ya Kaskazini, anapima ardhi kwa mashine ya leza. Kule, alimweleza, chini ya udongo imefukiwa barafu ya kale. Ikiyeyuka, ardhi inazama na kuacha makorongo. Mashine inarudisha mamilioni ya nukta, na Agneta, aliyesomea upimaji, anazipanga kwenye kompyuta chumbani kwake mtaani Kondele. Rangi hazina. Ni umbo tu, lakini sahihi hadi milimita. Picha za kawaida Joram hatumi, eti simu inaganda.

"Mwenzio anateseka huko!" Jentrix humwambia kila akimletea viazi kutoka kwao Pap Onditi, nchi ya makorongo. Ni rafiki yake tangu shule, mrefu mpaka huinama mlangoni. Alipomsimamia Agneta harusini, fundi wa gauni alimpima mara mbili, hakuamini: mita moja na sentimita themanini na tisa. "Vumilia tu, dada. Akirudi mnajenga boma lenu. Kama mila inavyotaka: yeye mbele na jogoo, wewe nyuma na moto, mke mwenye boma. Nani atakutoa hapo?"

Agneta hucheka, lakini moyo wake wote uko hapo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mama mkwe bado humuuliza mbele za watu boma lao liko wapi.

Faili likafunguka. Korongo lilikuwa limezama tena, sentimita tisa. Maskini Joram, na baridi yote hiyo!

Ila leo faili lilikuwa zito. Mashine ile huzunguka pande zote, na siku zote Joram hukata sehemu ya nyuma na kutuma korongo peke yake. Leo hakukata. Agneta akaigeuza picha polepole.

Nyuma ya korongo palikuwa na nyumba mpya ya mabati. Mbele yake watu wawili walisimama tuli, kama wanaopigwa picha. Mwanamume alishika jogoo. Mwanamke nyuma yake alibeba kigae cha moto.

"Mwongo mkubwa wewe, Joram!"

Akabofya unyayo wa yule mwanamke, kisha utosi, apate kimo chake.

Mita moja, sentimita themanini na tisa.