Kiti cha Kwanza

Siku hizi Kipanga, ndege inayosemwa kuwa mbovu, hairuki mpaka abiria wamwone jamaa wa rubani amefunga mkanda kiti cha kwanza. Ndiyo sheria. Miaka minne sasa Mwanaidi, mkewe Kapteni Shomari, ndiye anayekaa pale, akiikumbuka zamani: yeye uani anaanika nguo, mumewe anapita juu ya paa na kuchezesha mabawa kumsalimia.

Leo alikuwa ameshavaa baibui mumewe aliposema, "Wewe pumzika. Nitakwenda na mjomba."

"Mjomba Kheri? Si hata kutembea hawezi!"

"Ameshakula chumvi nyingi, yule."

Mwanaidi akatoka uani na beseni la nguo. Ndege ikapita, ikachezesha mabawa kama zamani. Mkono wake ukakataa kuinuka.