Mkate wa Kubanwa

Bi arusi aliujaza mkate nyama, jibini na matango ya siki, akauweka kwenye kikaango na kuubana kwa sufuria iliyojaa maji. Ukalia kru. Akadhani ni ganda linakauka.

Mama mkwe alijikatia kipande kabla mkate haujapoa. "Mwanangu, kwa mapishi haya nitanenepa nikwame mlangoni!" Akacheka, akaenda nacho sebuleni.

Bi arusi alishika chupa ya kioo ya matango aifunike. Kidole kikapita kwenye mdomo wa chupa, kikachanika. Pale alipogonga kwa kisu ili kifuniko kilegee, palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha.

Tangu aolewe hajawahi kumpandishia mkwewe sauti. Alikimbilia sebuleni.

"Mama, tema!"

Mama mkwe alimkodolea macho, shavu limejaa. Koo lake likapanda, likashuka.