Vikopo Tisa vya Bibi Justa

Mchimbaji mmoja wa dhahabu alimwamkia Bibi Justa shikamoo kwanza, ndipo akamkaba koo. Adabu anayo.

"Dhahabu iko wapi, bibi?"

Akampiga teke la mbavuni, akapekua mpaka chini ya godoro. Akatoa mfuko wenye vikopo tisa vya dawa ya pumu, vya kuvuta.

Nesi wa zahanati ya Kharumwa ndiye aliyemwonya Justa asivitupe wala kuvichoma. Gesi inayobaki ndani inazidisha joto la dunia, na motoni vinalipuka. Avirudishe zahanati.

"Nani anaficha makopo matupu?" Akatikisa kimoja sikioni. Kitu kikacheza ndani. "Sema, au nakuchinja."

Panga likagusa shingo, damu ikachuruzika hadi kifuani.

Justa alivuta pumzi, kifua kikapiga mluzi.

"Dhahabu imo humo, na zebaki yake," akasema. "Ichome, zebaki iruke, dhahabu ibaki, mjukuu wangu, kama mnavyochoma siku zote."

Mchimbaji akaepua sufuria ya maharage, akavimwaga vikopo vyote kwenye mkaa.

"Mbona kimya?" akauliza, akivikodolea macho.

"Puliza," alisema Justa, akijikokota nyuma ya pipa la maji. "Sogeza uso."