Mwanafunzi Mwenye Ndevu

"Kaa chini, Chedego! Mwanafunzi hasimami mwalimu akiongea!"

"Mwanafunzi gani ana ndevu, baba? Sehemu za ua nimezitaja mpaka nyuki wananionea huruma!"

Baba akapiga meza kofi. Mama akamkonyeza Chedego anyamaze, akaonyesha kile kidude cha ukutani. Kongwa nzima inajua kazi yake: kikisikia somo asubuhi, kinafungulia maji bustani. Nyumba isiyo na mwanafunzi haipati hata tone. Dada zake walishahitimu, wakaolewa. Kabaki yeye, na kila mwaka baba anamfelisha makusudi.

"Wenzangu wako Mwanza wanafanya kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapa nimekuwa mchicha. Nachumwa, nachipua palepale."

"Na hizo nyanya anazouza mama yako zitanywa mate?"

"Mwaka huu mmoja tu, mwanangu," mama akabembeleza.

"Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo, mama."

Akabeba begi lake. Hakuna aliyemzuia. Alipofika mlangoni akasikia kiti kinaburutwa, kisha baba akakohoa, akaanza na ile sauti yake ya darasani.

"Haya. Taja sehemu za ua."

"Petali," mama akajibu, sauti kaikaza iwe nzito kama ya kijana. "Sepali... stameni..."

Chedego akatega sikio upande wa bustani, asikie kama maji yamefunguka. Hakusikia kitu. Akatoka, akaufunga mlango polepole, asije akaharibu somo.