Makapi kwenye Ndoo ya Saba

Bonge lilikuwa bado na joto.

Dada Glavu, fundi wa maabara, aliliinua kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, kama mtu aliyeshika panya mkia. Makapi ya muwa. Yametafunwa, yamefyonzwa, yametemwa. Uzi wa mate ukaning'inia kutoka kwenye bonge mpaka kwenye udongo wa ndoo ya saba, ukakataa kukatika.

"Profesa! Njoo uone uchafu huku!"

Na wala pale hapakuwa jalala. Lilikuwa banda la utafiti, la nailoni, joto kama ndani ya sufuria, ndoo arobaini za miwa michanga kwenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulipewa bakteria wa Profesa, wale wa kwenye chupa, ambao eti wakiingia kwenye mizizi wanaufundisha muwa kuvumilia ukame. Mstari wa pili haukupewa kitu, upo wa kulinganishia tu. Halafu yote miwili ikanyimwa maji. Leo siku ya thelathini na moja. Wafadhili wanakuja siku ya arobaini, na wasipokuta muwa uliosimama, banda linafungwa, kila mtu ashike njia yake.

Sasa kituko chenyewe: mstari wa bakteria ulikuwa njano, umelala chali. Ule wa pili, uliotakiwa kufa, ndio ulikuwa kijani, majani yamesimama kama masikio ya sungura.

"Kuna mtu anaumwagilia," Profesa alilalamika wiki nzima. Lakini bomba lilikuwa na kufuli, na udongo ukiushika ni vumbi tupu.

Wakafukua ndoo zote ishirini za mstari wa pili, ilimokuwa ile ya saba. Kila ndoo, makapi. Mapya juu, ya zamani chini, yameota ukungu, yanateleza kama kamasi. Dada Glavu akavua glavu, akavaa nyingine, akavua tena.

Mfagiaji akaitwa. Mzee mpole, meno ya kahawia, kipande cha muwa kimechomoza mfukoni, nyuzi za makapi zimenasa kwenye masharubu.

"Mzee, hii nini?"

"Ni makapi hayo, mwanangu."

"Najua ni makapi! Kwa nini unatema kwenye ndoo zetu?"

Mzee akashangaa kidogo. "Hawa wa huku nawaonea huruma. Wenzao mnawapa uji wa kwenye chupa, hawa hamwapi hata tone. Tangu siku mmewapanda nikasema, basi nao wapate chochote. Muwa wenyewe mtamu, natoka nao nyumbani, nikitema nafukia."

"Yaani muda wote huo nashika mate yako!"

"Si ulikuwa na glavu?"

Profesa akakohoa kuficha kicheko. Dada Glavu hakucheka. "Profesa, chagua. Abaki yeye au mimi. Mimi sifanyi kazi chooni."

Profesa akatazama saa, akatazama miwa, akatazama viatu vyake. Fundi wa maabara hapatikani ovyo, mfagiaji yupo kila kona.

"Mzee, utatusamehe."

"Kazi hii ndiyo inalisha wajukuu zangu, bwana mkubwa."

"Utatusamehe."

Dada Glavu akakata jani moja moja kutoka kila mstari kwa ajili ya mashine ya kusoma jeni, maana ratiba ni ratiba. Halafu akaugeukia mstari wa pili kwa roho moja. Miwa yote akaing'oa, akaitia kwenye pipa pamoja na yale makapi, akawasha moto. Udongo akauchemsha. Ndoo akazimwagia klorini mpaka machozi yakamtoka. Mzee alikuwa bado amesimama getini, kifurushi mkononi, anatazama tu.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Profesa aliyasoma mara mbili, akakaa.

"Muwa ukiwa na kiu, kuna jeni zinapiga kelele," akasema. "Mstari wetu wa kwanza ni kelele tupu. Wa pili..." Akageuza karatasi. "Kimya. Siku thelathini na moja bila maji, jeni zimelala kama zimeshiba."

"Mashine imekosea."

"Na ndani ya jani kuna bakteria. Si wangu. Hayumo kwenye chupa yoyote humu, wala kwenye orodha yoyote niliyowahi kuiona."

Dada Glavu akahisi viganja vinamwasha. "Jani limebaki?"

"Limesagwa lote. Na mengine unajua wewe yalikokwenda."

Zilibaki siku mbili wafadhili waje.

Kwenye gari la Profesa, njiani kwenda kwa mzee, Dada Glavu alipakata mfuko safi wa plastiki. Akarudiarudia maneno atakayoyasema: mzee, tafuna, tema humu ndani. Ikibidi atapiga magoti.

Mzee alikuwa kibarazani, amenyoa masharubu, shati jeupe, meno yamesuguliwa mpaka fizi zimevimba. Kuwaona tu akaruka kama kijana.

"Shikamoo, mzee," Dada Glavu akasema, mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Ule muwa wako, unautoa wapi?"

"Nilijua tu mtakuja!" Mzee akamshika mkono, mkono mtupu usio na glavu, akamvuta nyuma ya nyumba. "Lilikuwa shina moja tu, hapa kwenye mawe. Alilipanda marehemu mama, na halikuwahi kumwagiwa maji hata siku moja."

Kwenye mawe kulikuwa na duara jeusi la majivu. Harufu ya klorini ilichoma pua.

"Pale getini niliona vizuri mnavyofanya usafi," mzee akasema, uso unang'aa. "Nimeng'oa mpaka mizizi, nimechoma, nimemwaga dawa mara tatu. Nusa mwenyewe, mwanangu. Haya, nianze kazi lini?"